Pompa ya Kogo Chepyegon

Kwa jina la Mola aliyeumba midomo kabla ya neno, akawagawia waja wake ndimi mbalimbali ili wajuane wala wasipuuzane, ninaanza. Sala na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na sahaba zake waliolibeba neno bila kulipunguzia herufi hata moja. Baada ya hayo, nitasimulia habari ya gari moja kuukuu la dizeli, la watu wa Kimulot, na jinsi lilivyokaribia kuikosa safari ambayo lilikuwa limewekewa tangu mwenyewe alipokuwa hai.

Inafaa kwanza niwapange wenye kisa, kila mtu mahali pake.

Wa mbele ni Chepyegon, mjane, mwenye shamba la chai linalopakana na msitu wa Mau. Watu wote walimwita Kogo, ambalo kwa Kikipsigis ni jina la bibi mzaa baba au mzaa mama, hata wale ambao hakuwa na nasaba nao. Mgongo wake uliinama kwa miaka ya kuchuma majani, lakini shingo haikuinama. Wa pili ni mwanawe Jonah, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Wa tatu ni Gibson, mtoto wa marehemu shemeji yake, ambaye Kogo alimlea mgongoni mwake akawa kijana wa ofisi, mwenye tai na gari jipya la petroli. Wa nne ni Omollo, fundi, mtu wa upande wa ziwa, aliyekuwa na gereji nyuma ya soko la Kericho. Wa mwisho ni mimi, niliyekuwa na duka la vipuri ukuta kwa ukuta na gereji hiyo, na jioni nikisomesha watoto Kurani katika chumba kilicho nyuma ya msikiti. Kwa ajili hiyo waliniita Maalim, Waislamu na Wakristo pamoja.

Maneno ya watu wa Kimulot nimeyanyoosha kidogo ili msomaji asijikwae. Wao, Kiswahili chao hupita juu ya Kikipsigis kama maji yapitavyo juu ya mawe, na baadhi ya herufi hulowa njiani. Lakini pale ambapo kisa kimening'inia juu ya matamshi, nimeyaacha yalivyo.

Sasa gari. Lilikuwa Pijo jeupe la dizeli, lenye kiti kirefu cha nyuma na mgongo wa kubebea mizigo. Mume wa Kogo alilinunua kwa majani ya chai, na siku alipolipandisha Kimulot wanawake waliacha vikapu mashambani wakaja barabarani kuimba. Gari hilo lilibeba wagonjwa, likabeba wazazi waliokuwa katika uchungu, likabeba maharusi na majeneza. Na mzee yule, alipokuwa akilipangusa kioo jioni, alikuwa akimwambia mkewe: “Siku mjukuu wetu wa kwanza atakapokwenda kuposa, nitakupeleka mimi mwenyewe. Utakaa mbele.” Alifariki kabla mjukuu huyo hajaota ndevu. Kogo hakuolewa wala hakuliuza gari.

Mjukuu huyo, Kipkirui mwana wa Jonah, alikua, akasoma, akampata binti wa Londiani aitwaye Janeffer. Ikapangwa koito, yaani sherehe ya posa nyumbani kwa wazazi wa binti, mwezi wa Disemba mwaka wa 1995, siku ya Jumamosi. Katika nyumba yao, mwenye kuubeba mursik wa posa, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni kwa majivu ya mkaa wa mti, alikuwa ni Kogo, wala si mtu mwingine. Naye alikwisha kusema, mbele ya wote, kwamba ataubeba katika gari la mumewe, ama hataubeba.

Wiki ile ile gari likaanza kuvuja.

Alhamisi, Jonah aliteremka Kericho peke yake kwa gari la abiria. Aliogopa kulitoa Pijo kabla fundi hajaijua shida yake. Alimkuta Omollo yuko chini ya pikapu ya mtu, miguu tu ikionekana. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini mwa duka langu, nikawasikia wote wawili.

“Fundi,” alisema Jonah, “pompa inafuja.”

Miguu ikatulia. “Pampu?”

“Eeh, pompa.”

“Inavuja sana?”

“Inalia machozi. Asubuhi nakuta dizeli chini, na harufu inapanda ndani ya gari mpaka macho yanawasha.”

“Na kuwaka?”

“Inawaka kwa kuombwa.”

Omollo akajivuta nje, akaketi juu ya gunia lake, akajipangusa uso kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko uso. “Ndugu yangu, pampu si mchezo. Kwa gari la dizeli pampu ni moyo. Kama inavuja kwenye sili zake, zile pete za kuzuia mafuta, lazima ishuke, ipelekwe Nakuru, ifunguliwe juu ya mashine ya kupimia. Hapa Kericho nikikufungulia, nitakuwa nimekudanganya.”

“Pompa? Ipelekwe Nakuru?”

“Pampu.”

“Kitu kidogo hivyo?”

“Kidogo kwa macho tu.”

Wakatazamana, kila mmoja akiwa na yakini kwamba amesikika sawasawa. Kisha Jonah akauliza kile alichokiogopa kukiuliza.

“Itarudi lini?”

“Jumanne, kama kule hawana foleni.”

“Koito ni Jumamosi.”

Omollo aliichukua spana akaiweka tena chini, na nilijua sababu. Miaka michache nyuma, zilipovuma fitina na watu wakaanza kutazamana kwa kabila zao, Omollo alifunga gereji akaenda kwao kwa muda. Sanduku lake la spana lilikaa chini ya kitanda cha Kogo Chepyegon mpaka aliporudi. Kogo hakulifungua, wala hakumruhusu mtu alifungue, na waliokuja kuliulizia aliwajibu mlangoni, wakaondoka. Tangu hapo Pijo lile halikuguswa na fundi mwingine, na Omollo hakuwahi kumwambia Kogo kwamba kazi yake haiwezekani.

“Lilete kesho,” alisema mwishowe. “Nitaishusha pampu kwa mikono yangu na nitaipeleka Nakuru mwenyewe. Zaidi ya hapo siahidi. Sitaki kumwambia mama yule uongo.”

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Niliporudi kutoka msikitini nikakuta uwanja wa gereji umejaa. Pijo limeingia, boneti juu. Nyuma yake gari la Gibson, jekundu, linang'aa; alikuwa amelifuata Pijo tangu Mogogosiek ili lisije likazimika njiani. Jonah amesimama, mikono yake mikubwa haina kazi. Omollo ameinama juu ya injini, na spana yake imekwisha kuuma nati ya kwanza. Na mbele, kwenye kiti cha abiria, ameketi Kogo, kitambaa kichwani, mkoba mapajani, mlango umefungwa. Alikataa kushuka. Alisema kwamba kama moyo wa gari unatolewa, basi gari lisiachwe peke yake ukitolewa.

Niliusogelea mlango nikamwamkia. “Chamgei, Kogo.”

“Chamgei mising, Maalim. Umetuombea huko?”

“Nimewaombea.”

“Umeitaja gari?”

Nikamwambia kweli kwamba sikuitaja. Akasema si neno, Mungu anaijua namba yake.

Gibson alikuwa akilizunguka Pijo huku ameinua miguu ya suruali, asije akakanyaga dizeli. Alikuwa kijana mzuri wa moyo, lakini ulimi wake haukujua kukaa. “Kogo, hii gari imekuwa mtoto mchanga. Inataka nepi.”

“Nyamaza, Gibson.”

“Kweli! Angalia, imejikojolea tena. Panda yangu kesho, Kogo. Ina redio, ina hita, na haikojoi.”

Kogo alimgeukia polepole, kama mtu anayegeuza chungu cha moto. “Gibson. Hata wewe ulinikojolea mgongoni. Mwaka mzima. Nikakutupa?”

Mafundi wa gereji za jirani walicheka hadi wakashikana mabega. Gibson mwenyewe alicheka, akainua mikono akasalimu amri. Lakini Jonah hakucheka, kwa kuwa aliisikia spana ikianza kuzunguka.

Kogo naye aliisikia. Akatoa kichwa dirishani. “Papa Kipkirui! Mbona anafungua huko? Mwambie pompa iko juu.”

“Mama, fundi anajua kazi yake.”

“Najua anajua. Lakini pompa iko juu.”

Omollo hakuinua kichwa. “Kogo, pampu iko hapa chini, ubavuni. Haijawahi kuwa juu tangu Pijo iitwe Pijo.”

“Iko juu. Mzee alinionyesha.”

“Kogo amekuwa fundi,” alisema Gibson. “Mleteeni ovaroli.”

Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni, na jina lile lilikuwa halijanitoka sikioni. Papa Kipkirui. Alimaanisha baba yake Kipkirui, ndivyo walivyomwita Jonah tangu azae. Wazee wangu mimi walikuwa watu wa Pwani, na kwa mtu wa Pwani papa ni samaki mwenye meno. Kila nilipomsikia Kogo akimwita mwanawe hivyo nilitabasamu kimoyomoyo. Siku ile tabasamu lilianza likakatika katikati.

Herufi be na herufi pe ni ndugu wa tumbo moja. Zote huzaliwa kwa kufumba midomo na kuifumbua. Tofauti yao ni sauti ya kifuani: ukiitia, umepata be, ukiinyima, umepata pe. Waarabu hawana pe kabisa, na Pemba kwao ni Bemba. Watu wa Kimulot huelemea upande wa pili. Nilikuwa na watoto wa Kikipsigis katika madrasa yangu, ambao wazazi wao walisilimu, nao walipoanza kusoma walisema “pismillahi” kwa adabu kubwa na macho yaliyofumbwa, nami nikiwawekea kiganja changu kifuani nikiwaambia: hapa, ianzishe hapa. Niliijua njia ile kwa kuwa nilikuwa naipita kila jioni. Basi kama papa ni baba, pompa ni nini?

“Bwana Omollo,” nikasema, “hebu iache spana kidogo.”

Akaiacha.

“Kogo, hiyo pompa unayoisema. Je, yenyewe inasukuma dizeli, au dizeli inapita ndani yake?”

Kogo alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua hulowesha. “Inapita. Kama maji yanavyopita kwa pompa ya nyumbani, ile ndefu, ya kutoka kwa tangi.”

“Bomba,” nikasema.

“Si ndiyo nimesema? Pompa.”

Omollo alimtazama Jonah, Jonah akamtazama Omollo, nami nikaiona Alhamisi nzima ikirudi nyuma katika macho yao, neno kwa neno.

“Yawa!” Omollo alipiga paja kwa kiganja, akaacha alama ya mafuta juu ya ovaroli. “Mtu ananiambia bomba, na mimi namjibu pampu! Ananiambia ni kitu kidogo, na mimi namwambia kidogo kwa macho!”

“Nami nikashangaa,” alisema Jonah. “Nikasema, Nakuru? Kwa pompa?”

“Kwa nini hukunibishia?”

“Wewe ndiye fundi.”

“Na neno lenyewe, ‘inafuja’,” nikaongeza, kwa kuwa mwenye kupenda lugha hajizuii, “hukukosea hata kidogo, Jonah. Mafuta yanayovuja yamefujwa.”

Lakini Omollo hakuwa mtu wa kulitupa jambo moja akalirukia jingine. Aliingiza mkono ndani ya injini, akaipapasa pampu, akautoa ukiwa umelowa, akatuonyesha.

“Sikio langu limekosea, sawa. Lakini jicho langu halina lafudhi. Pampu imelowa hii hapa. Dizeli ni kama mvua, inalowesha pale ilipoanguka, haikwambii wingu liko wapi. Huenda ni bomba, huenda ni pampu, huenda ni vyote viwili. Sikisii juu ya gari hili.” Akafikiri. “Maalim, nipatie unga mweupe. Wowote.”

“Unga sina. Chaki ninazo.”

Nikaenda nyuma ya msikiti nikaleta bati la vipande vya chaki, vile vilivyobaki baada ya watoto kuandika alifu na be ubaoni. Omollo alikuwa amekwisha kuiosha injini kwa mafuta ya taa na kuikausha kwa vitambaa hadi chuma kikaonekana rangi yake. Alivisaga vipande vile kwa chupa juu ya bamba, akauchukua unga kiganjani, akaupuliza taratibu juu ya pampu, juu ya mabomba, juu ya nozeli zote zinyunyiziazo dizeli, hadi injini ya Pijo ikawa nyeupe kama mlima uliopata theluji.

“Jonah, washa.”

Jonah aliingia, akaipasha injini moto, akageuza ufunguo. Pijo liliombwa, likakataa, likaombwa tena, likawaka kwa kikohozi na moshi. Tukaziinamisha shingo zetu pamoja: fundi, mwalimu, na Gibson ambaye tai yake ilikuwa imezama ndani ya boneti bila yeye kujua. Kama pampu ingetoa hata alama moja yenyewe, koito ingekwenda bila Kogo, na mursik ungekwenda mikononi mwa mtu mwingine, na ahadi ya marehemu ingebaki hewani.

Pampu ilikaa nyeupe.

Tukangoja. Pampu ikazidi kukaa nyeupe. Kisha, juu, baina ya nozeli na nozeli, pale palipo na kimpira chembamba kilichovikwa uzi wa kusukwa, kazi yake kurudisha dizeli iliyobaki, ikatokea nukta nyeusi. Nukta ikawa mstari. Mstari ukateremka ubavuni mwa injini, ukiandika njia yake juu ya chaki waziwazi kama mwandiko wa mtoto, ukaishia juu ya pampu, ukadondoka.

“Ni nini?” Kogo aliuliza kutoka kitini. Hakushuka kuangalia. “Ni pompa?”

“Ni bomba, Kogo,” alisema Omollo.

“Ni hiyo hiyo.”

Kilichobaki kilikuwa kazi, na kazi ile niliipenda kuitazama. Nilileta mpira kutoka dukani. Omollo aliunusa, akauminya, akaukataa: ulikuwa wa petroli, na alitaka ule wenye uzi wa kusukwa, wa dizeli. Nikaleta mwingine, akaukubali. Gibson aliuliza kwa nini asibadilishe kile kipande kilichopasuka tu, wakatoka upesi.

“Hizi zote ni rika moja,” Omollo alimjibu, akivichomoa vimpira vyote kimoja kimoja. “Zimetahiriwa siku moja. Leo amekwenda huyu, kesho atafuata mwenzake, na kesho ndiyo siku yenyewe.”

Jonah alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, kwa kuwa habari ya rika ni habari ambayo Mkipsigis haelezwi. Omollo alikata vipande vipya kwa kisu kikali, akavisukuma mahali pake kwa kidole gumba, kila kimoja hadi mwisho, akakivuta kuona kama kitang'oka, hakikung'oka. Mwisho wa safu aliukumbuka pia, ule unaohitaji kuzibwa, ambao mafundi wenye haraka huusahau. Kisha akapiga kile kidude cha mkono kinachovuta dizeli kutoka tangini, akaachilia hewa itoke kwa mapovu hadi ikaja dizeli tupu, safi, isiyo na povu. Akapulizia chaki upya juu ya kila kitu.

“Jonah. Sasa usiliombe. Liamuru.”

Jonah aligeuza ufunguo, na Pijo likawaka mara moja kwa sauti nzito, sauti ile ambayo watu wa Kimulot walikuwa wakiitambua kutoka ng'ambo ya bonde. Chaki haikupata alama. Omollo aliliacha liungurume muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani alitaka tu kulisikiliza.

Kogo alifungua mlango, akashuka, akaenda mbele akalitazama. Hakusema asante, kwao mama hamshukuru mtoto kama mgeni. Alisema, “Omollo, kesho utakuja Londiani.”

“Kogo, mimi si wa ukoo.”

“Sanduku lako lililala chini ya kitanda changu. Wa ukoo ni nani?”

Omollo alijishughulisha na kufunga boneti. Kogo akanigeukia. “Na wewe mwenye masikio, utakuja. Tutakutafutia chai, usiogope.”

Jioni hiyo, alinieleza Jonah baadaye, walitoa mazulia yote ya gari wakayasugua kwa sabuni, wakaacha milango wazi upepo wa msituni upite, na Kogo aliinamia kila kiti akanusa kama mganga, hadi aliporidhika kwamba kibuyu chake hakitadhurika. Maziwa hushika harufu upesi. Mursik unaonuka dizeli mbele ya wakwe ungesimuliwa Londiani vizazi na vizazi.

Jumamosi Pijo lilitangulia. Jonah aliendesha, Kogo ameketi mbele na kibuyu mapajani, Kipkirui na wazee nyuma. Gari jekundu la Gibson lilifuata, nami na Omollo tukiwa ndani yake. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali na mashamba ya chai yalikuwa yakitoa mvuke. Omollo alifungua dirisha, akatoa kichwa, akawa anaitazama barabara nyuma ya Pijo. Niliwaza kwamba anapunga hewa, kumbe alikuwa anatafuta matone. Lami ilikuwa kavu. Tulipanda mlima na lami ilikuwa kavu. Kila kilima tulichokimaliza alikaa wima zaidi kidogo, na tulipokaribia Londiani, palipo na harufu ya misonobari na viazi vipya, alikuwa ameketi kama hakimu.

Mahali pamoja barabara ilinyooka, na Gibson akasogea upande kidogo.

“Gibson,” Omollo alisema, “ukilipita hili gari, mimi nashuka hapa natembea kwa miguu.”

“Nani amesema napita?” Gibson alijibu, akarudi nyuma, akaiacha nafasi kubwa kuliko ya awali. Kisha akasema, “Nilikuwa nataka kumwona tu. Tangu nizaliwe sijamwona amekaa hivyo.”

Wazee wa upande wa binti walikuwa wamesimama langoni, kofia mikononi. Pijo liliingia taratibu, likasimama katikati ya ua, likazimwa. Jonah alizunguka akamfungulia mama yake mlango. Kogo alishuka na kibuyu chake, akajinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu, na mzee wa nyumba akamwendea kwa heshima.

“Karibu, mama yetu. Njia ni ndefu. Nani amekuleta?”

Lilikuwa swali la kawaida, la kumpa mgeni nafasi ya kupumua. Jonah alifungua kinywa ajibu, kama iwapasavyo wenye kushika usukani. Kogo alimtangulia.

“Mume wangu.”

Wazee wakatazamana, kwa kuwa habari za msiba ule walizijua. Kogo aliweka kiganja chake juu ya boneti iliyokuwa bado na joto, akakiacha hapo.

“Alisema atanileta,” alisema. “Amenileta.”

Mzee wa nyumba alivua kofia aliyokuwa amekwisha kuivaa tena, akaliinamia gari kidogo, kama amwamkiavyo mtu. Nilimtafuta Omollo kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya umati, amegeukia mashamba ya viazi, na mabega yake mapana yalikuwa hayatulii.

Kibuyu kilifunguliwa ndani. Mjomba wa binti alikuwa wa kwanza kukikaribia. Alinusa, akaonja, akafumba macho, akakipisha. Kilipofika kwangu nilisema bismillahi, nikaivuta be yangu kutoka kifuani kwa nguvu zote, nikanywa. Ulikuwa moshi wa mti na maziwa, hakuna kingine. Janeffer akaposwa kabla jua halijageuka.

Kogo Chepyegon ametangulia sasa, na waliotangulia wako mikononi mwa Mola wao, naye awajua kuliko sisi. Pijo bado liko Kimulot chini ya paa la mabati, na asubuhi halisubiri kuombwa. Nami nawaombea waliobaki. Ewe Mwenye kusikia kila ulimi kwa lafudhi yake, mlinde Jonah na mikono yake, umzidishie Omollo ustadi na jirani wema popote atakapofungulia sanduku lake, umpe Gibson muda mrefu wa kuendesha nyuma ya wakubwa wake, uwabarikie Kipkirui na Janeffer kwa watoto wenye shingo ya Kogo, na utujaalie sisi sote tuliosalia sikio linalomngoja mtu amalize neno lake. Amina.